Naskia, lakini: sikio langu la kulia baada ya kupasuliwa, nyota tatu na nusu

Naandika hii kwa sababu watu wa stejini wamenichosha. Kila mtu aniuliza "je, waskia sasa?" nami nikimwambia "naskia, lakini..." ashageuka zamani, hio lakini yangu hakuna mwenye kazi nayo. Basi nimeileta hapa yote, mwenye kutaka kujua ajue kabla hajatoa pesa zake.

Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Mombasa, Marikiti kwenda Tudor na popote pengine utakaponilipa. Kliniki sitaitaja jina maana nina sifa nao na nina ugomvi nao pia, na ule ugomvi sitaki unifuate nyumbani. Ni ya kulipia, iko hapa hapa kisiwani, hayo yatosha.

Sikio la kulia lilianza kutoka usaha nikiwa chuoni, madrasa, umri wa miaka saba nane hivi, mwalimu akinisomesha nimemgeuzia sikio la kushoto yeye adhani nina kiburi. Mamangu alikuwa akinitia mafuta ya habasoda ya uvuguvugu, yakishindwa hayo ya kitunguu thomu, na mapenzi yake siyatilii shaka lakini kumbe kiwambo cha sikio kilikuwa kishatoboka, kwa hio yale mafuta yote yalikuwa yashuka ndani moja kwa moja kama mtu amimina kwenye faneli. Juu yake mimi nilikuwa mtu wa kuruka baharini pale Mama Ngina na wenzangu, twatoka pale masikio yamejaa chumvi. Masika lavuja, kiangazi lanyamaza, na likinyamaza wasahau. Nimeishi hivyo hadi nimefika miaka thalathini na minane.

Kilichonipeleka si usaha, ni kazi. Abiria akiketi nyuma upande wa kulia akisema "niache hapo kwa mti" mimi nshapita mti, nshapita na msikiti, tuko tunakaribia Buxton yeye ashaanza kunipiga bega. Na honi ndo balaa. Ukiwa na sikio moja honi waiskia vizuri sana, lakini haikwambii iko wapi, ni honi tu imejaa hewani, yaweza kuwa ya mbele, ya nyuma, ya lori, hujui ukwepe wapi. Siku moja pale raundi abauti ya Makupa matatu ilinipigia honi kulia nami nikajitupa kulia kule kule. Haikunigusa. Makanga alichonitukania nashukuru nilikiskia nusu.

Basi nikaenda.

Sehemu ya kwanza ni kipimo, na hapa nyota tano zote, ningekuwa na sita ningetoa. Anayepima ni binti mdogo tu, lakini yuaijua kazi yake na yuakueleza bila kukuona mjinga. Wakutia kwenye kijumba kidogo kama kibanda cha M-Pesa kilichozibwa magodoro, wakuvika hedfoni, kila ukiskia mlio wabonyeza kitufe. Akimaliza hapo yuakuondolea hedfoni akuwekea kidude nyuma ya sikio juu ya mfupa, chakubana kweli, na sikio zuri yualitilia kelele kama mvua juu ya bati ili lisije likajibu kwa niaba ya mwenzake. Mimi nilidhani ni kipimo kile kile amerudia. Kumbe cha kwanza chapitisha sauti kwenye hewa, njia ya kawaida, kitundu cha sikio, kiwambo, mifupa, hadi ndani. Cha pili kinaruka yote hayo chapeleka mtetemo kwa fuvu moja kwa moja hadi kule ndani kabisa kwenye mishipa ya kuskia. Ukitoa kimoja kwa chengine wapata tofauti, yeye akaiita pengo. Hilo pengo ndo la fundi wa kupasua. Likiwa kubwa maanake njia ndo imeharibika, na kipimo cha mfupa kikiwa kizuri ndani ni salama. Lisipokuwepo na bado huskii, hapo kupasua njia hakutasaidia.

Halafu akatoa chuma chenye meno mawili kama uma, akakigonga kwa goti lake akakibandika katikati ya paji la uso wangu. "Baba, sauti yaenda upande gani?" Wallahi ilienda kulia. Kwenye sikio bovu! Nikaruka nikamwambia "dadangu, nimepona," akacheka hadi akaketi. Akanambia hio ndo dalili yenyewe, sikio lililozibwa njia halipati makelele ya chumbani, kwa hio mtetemo wa mfupa walijaa lote, na ukitaka kuhakikisha ziba sikio lako zuri kwa kidole ukiwa waimba uone sauti itahamia wapi. Nilijaribu ndani ya tuktuk nikirudi, abiria akanitazama.

Karatasi yangu ya siku hio ninayo hapa. Sikio la kulia kwa hewa 58, kwa mfupa 13 (nusu nimezipandisha, kamili ni 57 na nusu na 12 na nusu), pengo 45. Hizo ni desibeli, na kinyume na mtihani wa shule hapa alama zikiwa chache ndo umefaulu, chini ya 20 wahesabiwa waskia sawa. Ukutani pana bango la siku ya masikio duniani, tarehe 3 Machi, lenye makundi yote ya kuskia yamechorwa rangi rangi, 58 yangu ilikuwa kwenye rangi ya machungwa. Na usifikirie 30 ni nusu ya 60, hesabu yake si hivyo, kila ukiongeza 10 nguvu ya sauti imezidi mara kumi. Mimi hesabu niliachia darasa la saba lakini hio niliielewa.

Daktari naye nyota tano. Mtu mzima, mpole, ana darubini ya mezani, alinisafisha usaha kwa kamrija kanakovuta (kapiga kelele ndani ya kichwa kama pikipiki, jiandaeni, na kizunguzungu juu), akanipa dawa ya matone akanirudisha nyumbani, ati sikio likauke kwanza. Wiki tano. Nikarudi, akanituma CT skani, akahakikisha hakuna ile ngozi inayoota ndani ikila mifupa maana hio ndo ya kuogopwa, ikikuwepo kazi inakuwa nyengine kabisa na aweza kukupasua mara mbili.

Akanichorea. Nyuma ya kiwambo kuna mifupa mitatu imeshikana kama mnyororo, nyundo, fuawe na kikuku, na kikuku ndo mfupa mdogo kuliko yote mwilini, milimita tatu hivi. Kazi yao ni kuchukua mtikisiko wa kiwambo kuusukuma kwenye maji yaliyoko ndani ya sikio. Hapo nilimkatiza nikamwambia daktari hii naijua, ukiwa umezama baharini mtu akakuita yuko juu ya mawe humskii, sauti ya hewani haitaki kuingia majini. Akanyosha kalamu akasema ndio bwana, ndo hio hio, ile mifupa ndo inayoilazimisha iingie. Kwangu fuawe ilikuwa imeliwa ncha. Akasema huwa ni hio zaidi kwa sababu ncha yake ndefu na mishipa ya damu hapo ni michache, usaha wa miaka thalathini wakaa pale watafuna. Kwa hio dawa ni kuziba kiwambo kwa utando wanaoutoa juu ya msuli wako mwenyewe hapo juu ya sikio, na pale penye fuawe kutiwa kijiti cha titaniamu kikae juu ya kichwa cha kikuku. Ati ufundi huu wa kujenga upya sikio ulipewa mpangilio na Wajerumani wawili, Wullstein na Zöllner, miaka ya 1950. Nilipenda alivyonambia, kama fundi anayekutajia aliyemfundisha.

Nikamuuliza, je, ntaskia? Akanijibu neno ambalo sikulizingatia siku hio na sasa naliona lote. Alisema: "Lengo la kwanza ni sikio kavu lililo salama. La pili ni kuskia." Akaongeza kwamba kiwambo kushika ndo jambo la kawaida, kuskia kurudi hakuna anayeweza kukuahidi, inategemea kikuku kizima au la, mrija wa kutoka sikioni kuja kooni unapumua au la, na kovu lako litakavyokaa. Kikuku kikiwa kizima kama changu bahati ni nzuri zaidi, kikiwa kimevunjika na watu watia kijiti kirefu cha hadi chini matokeo huwa dhaifu. Akanitajia na ile nadra, ya sikio kuzimika kabisa. Na akanambia waziwazi kwamba naweza kuacha kupasuliwa nikavaa mashine ya kuskia, ila sikio linalovuja halipendi kuzibwa.

Sasa nateremka chini mapokezi, na huku nyota moja, hio moja ni ya kiyoyozi.

Dada wa mapokezi akafungua faili akanambia "usijali, utaskia kama zamani, ni pakeji moja imejumlisha kila kitu." Zamani gani? Mimi zamani yangu ni usaha. Lakini binadamu ukiambiwa neno tamu walishika hilo, yale ya daktari nikayaacha kule juu kwenye ngazi. Bima ikakubali sehemu, iliobaki nikakopa chama, nikauza na friji kubwa. Siku moja kabla ya kupasuliwa wakaniletea karatasi ya kutia sahihi, imeandikwa kifaa kitalipiwa kando kikitumika. Bei haikuandikwa. Nikauliza, nikaambiwa "ni kidogo tu." Nilipotoka kile kijiti kilikuwa elfu arobaini na tano, kitu kidogo kuliko punje ya mchele, nami nimesimama pale na bandeji ya kichwa kama nimetoka vitani mke wangu yuahesabu pesa kwa M-Pesa ya ndugu zake. Naelewa daktari hawezi kujua hadi afungue kama kitahitajika. Lakini bei yake mnaijua, iko dukani, mwaweza kuiandika "kikitumika, elfu kadha." Si siri ya serikali.

Nililalamika. Meneja akasema atanipigia. Yuapiga bado.

Kupasuliwa kwenyewe sina la kusema, nilipewa dawa ya usingizi saa mbili asubuhi nikaamka saa tano naskia mtu aita jina langu kwa mbali. Wamepasua nyuma ya sikio kwenye mkunjo, kovu hulioni sasa hata kinyozi wangu aliuliza liko wapi. Masista wa wadi ni watu wema, nyota nne, ile moja nimeitoa kwa uji.

Kuna mambo mawili mtu hakwambii mapema nami nikashtuka. La kwanza sikio la nje lilikufa ganzi, nalishika kama si langu, ilichukua miezi mitatu hivi kurudi. La pili ni ulimi. Chai ilikuwa na ladha ya sarafu. Mbaazi za nazi za mke wangu, mahamri, kila kitu upande wa kulia wa ulimi chuma chuma. Nilidhani ni ile titaniamu imeyeyuka! Kumbe kuna mshipa wa ladha unakatiza katikati ya sikio, nyuma tu ya kiwambo, fundi akifanya kazi pale mara nyingi yuausogeza, ukisogezwa wanuna. Daktari alinieleza nilipouliza, na kusema kweli nilipozisoma zile karatasi nilikuta limeandikwa, sema mimi nilitia sahihi bila kusoma. Iliondoka baada ya miezi mitatu hivi. Kwa baadhi ya watu haiondoki yote.

Wiki zile za mwanzo ndo mtihani. Usipenge kamasi, ukipiga chafya fungua mdomo, usinyanyue kitu kizito, usiiname, maji yasiingie hata tone. Mombasa! Mwezi wa tatu! Jasho lenyewe lashuka kutoka kichwani laingia sikioni bila kubisha hodi. Nikawa nalala na feni imegeukia upande, pamba imepakwa Vaseline nikioga, na kuoga kwenyewe kwa kopo kuanzia shingoni. Udhu nilimuuliza shehe wa msikitini kwetu akanambia upande wa bandeji nipake maji juu yake basi, na swala niliswali kwenye kiti wiki mbili, wazee wakinipisha safu ya mwisho kwa viti vyao kama mimi ndo babu. Tuktuk nilimwachia skwodi, dereva wa kunishikia, wiki sita, akanirudishia na tairi mbili zimekwisha. Hio bili nyengine hamuioni kwenye pakeji, muihesabu.

Ndani ya sikio hujui kinachoendelea maana wamejaza sponji inayoyeyuka yenyewe na nje utepe wenye dawa. Wiki ya pili akautoa ule utepe, mrefu, wautazama watoka na kutoka kama mganga atoa shanga mdomoni. Nikategemea papo hapo nitaskia. Nilichoskia ni mabwaku, kama kiatu chenye maji. Mke wangu akanisogelea kulia akasema kitu, nikamwambia "eh?" akainamisha kichwa. Usiku ule hatukuongea sana.

Wiki ya nane kipimo: hewa 41, pengo 28 na pointi. Binti akanambia baba subiri, sponji haijaisha yote, kiwambo kipya ni kinene bado, usihukumu kabla ya miezi. Nilimhukumu mtu wa mapokezi hata hivyo.

Miezi sita: hewa 31, mfupa 13 ile ile, pengo 18 na pointi. Daktari akafurahi kweli, akanipa mkono. "Imefaulu." Nikamuuliza imefaulu vipi na 31 si 20. Hapa ndo nataka mkae kidogo maana ndo kiini cha rivyu yangu. Mafundi wa masikio wakisema imefaulu, wengi wao mstari wao ni pengo la desibeli 20 kushuka. Pengo. Hawapimi kama waskia mke wako, hawapimi kama waskia abiria, wapima ni kiasi gani cha njia kimefunguka ukilinganisha na mfupa wako mwenyewe. Ni kipimo cha haki kwa fundi, hawezi kulaumiwa kwa mshipa ambao hakuushika. Lakini mgonjwa akiskia "imefaulu" yeye afikiria sikio la kushoto. Ni maneno mawili tofauti yamevaa kanzu moja. Kwa bango la ukutani nimetoka kwenye machungwa nimekuja kwenye manjano, si kijani.

Sasa maisha yenyewe.

Honi nimepata upande! Si kamili, lakini lori likiwa kulia najua liko kulia, na hili peke yake kwangu mimi lalipa ile friji. Abiria wa nyuma kulia namskia tukiwa tumesimama. Indiketa ya tuktuk yangu yapiga tik tik, nimeiendesha miaka minne sijui, nikaipeleka kwa fundi nikamwambia kuna kitu kimelegea kwenye dashibodi, akazima akawasha akanitazama tu. Simu naweza kuiweka kulia, mamangu alipiga nikajaribu, sauti yake yatoka kama yuko ndani ya debe, nyembamba, ya bati, lakini maneno yote nimeyapata na dua zake zote, nikamsikiza hadi mwisho sikuhamisha.

Injini ikinguruma yote haya yapungua nusu. Harusini, vidumbaki na zumari vikianza, mtu akinisemeza kulia bado nageuza kichwa. Na kuna jambo la ajabu, sauti nene zimerudi vizuri kuliko nyembamba. Kwenye karatasi ile 31 ni wastani wa milio minne: ya chini nimepata 25 25 30, lakini ule wa juu kabisa, wa mitetemo 4000 kwa sekunde, uko 45. Binti akanieleza kwamba herufi kama s, f, th na sh zakaa huko juu, kwa hio naweza kuskia mtu aongea nisijue amesema nini. Na kweli! Bei ndo zaniua. Mtu akisema sitini na tisini barabarani mimi naskia "-ini, -ini", naomba arudie, yeye adhani nataka kumpandishia. Mama mmoja wa Kongowea aliniambia "wewe waskia unachotaka." La, mama, natamani.

Kwa kliniki nzima natoa tatu na nusu. Kipimo na daktari ningewapa tano bila kupepesa, mapokezi na bili yavuta chini, na kusubiri pia, apoinmenti ya saa tatu waingia saa sita. Jambo moja nawasifu, walinipa kadi ndogo yenye aina ya kijiti na tarehe, niiweke pochini, siku nikitakiwa kuingia ile mashine kubwa ya sumaku niwaonyeshe. Na kila mwaka kipimo kimoja, maana kijiti chaweza kuteleza au kusukumwa nje polepole hata baada ya miaka, ndo maana daktari alikiwekea kipande chembamba cha gegedu ya sikio langu mwenyewe baina yake na kiwambo, kisikwaruze.

Wanaouliza kama waende: likiwa lavuja na wataka likauke, nenda, mimi masika hii yote sijaona hata tone, mto wangu msafi, harufu hakuna, mke wangu alala upande wa kulia sasa jambo ambalo halikuwapo tangu tuoane. Likiwa limekauka zamani na shida yako ni kuskia tu, muulize daktari habari ya mashine ya kuskia kabla hujauza friji, ujaribu uone. Na swali moja muulize yeye si mapokezi: "pengo langu ni ngapi, na wewe watarajia libaki ngapi?" Akikujibu kwa nambari, keti. Pakingi ya tuktuk hakuna, askari atakufukuza, wacha kule nyuma ushuke kwa miguu.

*

Nimerudi kuongeza. Kipimo cha mwaka nimefanya juzi. Hewa imekuwa 32 na nusu, pengo 20 kamili, juu ya mstari wenyewe. Nikamwambia binti, sasa hii ni goli au imegonga mlingoti? Akaitazama karatasi, akanionyesha ni mlio mmoja tu wa 1000 umetoka 25 ukaja 30, na mashine yenyewe yapanda kwa tano tano, siku umelala vibaya yatosha kukuhamisha hatua moja. Akanigongea muhuri. Nikashuka, mapokezi yule dada akaniuliza kitu nikiwa naelekea mlangoni, upande wa kulia, nikamjibu bila kugeuka kwamba bado nasubiri simu ya meneja.